Waya Uliovuka Kamba

Kisanduku cha Falone kilipotoa moshi, Magloire alicheka mpaka akashika mbavu. Wanaume waliokuwa wameizunguka ndoo ya maji wakacheka naye, kwa sababu Magloire ndiye PDG, mwenye shimo, na kwenye machimbo ya dhahabu ya hapa Salamabila, mwenye shimo akicheka, wa chini yake hawana budi kuona meno yao yana kazi.

Falone hakucheka. Yeye ni fundi wa simu na redio, ana kibanda chake sokoni, na kisanduku kile alikitengeneza kwa mikono yake ili kipige honi ya pikipiki maji yakianza kupanda shimoni. Magloire alikuwa amenunua kihisi cha maji, ambacho wote pale walikiita kapteri, kilichong'olewa katika kiwanda kilichokufa zamani. Wala hakukinunua kwa huruma. Shimo la jirani lilijaa maji msimu wa mvua uliopita likafukia watu, na wachimbaji wa Magloire wakagoma kushuka mpaka waone kinga yoyote. Falone aliikubali kazi kwa sababu moja tu: mdogo wake Bienvenu alichimba chini kabisa, mahali ambapo maji yangefika kwanza.

"Nilikuuliza," Falone alimpigia kelele Magloire. "Nilikuuliza hii kapteri inatoa volti ngapi. Ukasema iko kama ya simu."

"Ni mie fundi? Fundi si weye?"

Hapo Falone alinaswa. Alikuwa amemwamini mtu anayemdharau, na hilo lilimuuma kuliko kicheko chenyewe. Kibao kilichokuwa ubongo wa kisanduku chake kinaishi kwa volti tatu. Kapteri ilikula umeme wa betri mbili za lori zilizounganishwa, na ilipoguswa na maji ya ndoo ilikimwagia kibao volti ishirini na nne nzima. Kisingepona hata kwa maombi.

Angeligundua hilo kwa kutazama tu, lakini kutazama ndiko kulikokatazwa. Kamba ilikuwa imefungwa mbele ya shimo, na mwanamke haivuki. Akiivuka, wanasema, dhahabu inakimbia. Wamama wanaotwanga mawe walikaa upande wa huku na vinu vyao vya chuma. Falone naye alisimama huko huko, akiona kazi yake ikiungua kwa mbali.

"Acha nifike nipime," alisema.

"Mwanamuke hapiti kamba. Rudia simu zako."

Akamtazama Bienvenu, aliyesimama ng'ambo na matope mpaka kiunoni. "Bienvenu, mwambie basi."

"Yaya, usinipatishe haya mbele ya watu," Bienvenu akamjibu dada yake, macho chini. "Sikiliza PDG."

Falone alitamani kumzaba kofi. Badala yake alidai waya wa kapteri uvutwe mpaka kwenye kamba, akapima pale pale huku wakimzomea, akaondoka bila kuaga.

Kibandani alifanya kazi kwa hasira, na hasira ilimfaa. Alivunja chaja za simu zilizokufa, akatoa kidude cheusi chenye miguu minne. Ndani yake upande mmoja kuna kitaa, upande wa pili kuna jicho linalokiona. Umeme mkubwa unawasha kitaa na kuishia hapo. Jicho likiona mwanga, linakiarifu kibao kwa volti zake tatu. Pande mbili hazigusani kwa waya hata mmoja. Mbele ya kitaa akalehemu kizuizi cha kuupunguza umeme, maana hata kitaa kingeungua. Mara ya kwanza kidude chenyewe alikiweka kinyume, akajitukana, akakigeuza. Akawaza kwamba yeye na Magloire nao wangefaa kuishi hivyo, kila mtu kwake na ukuta katikati.

Alimpa Bienvenu kisanduku kipya juu ya kamba. "Huu mwekundu kwa kapteri. Mweusi kwa negatifu ya batri za lori. Batri ya kisanduku usiiguse."

"Nimesikia, yaya."

Kesho yake mvua ilinyesha upande wa juu, kule Lusangi, mto ukabadilika rangi, na moyo wa Falone haukutulia. Alikwenda mpaka kwenye kamba. Kapteri ilikuwa imeshushwa shimoni na betri zake zimefungwa. Kisanduku kilitundikwa juu ya mti, pazuri kabisa, kila anayeshuka akione. Nyaya zake mbili zilining'inia hewani.

"Haijafungwa!" alisema.

"Watu wameiona, wameshuka," Magloire akajibu. "Ikilia ovyo watapanda kila saa, kazi inasimama. Bienvenu mwenyewe nilimwambia aache."

"Bienvenu iko wapi?"

"Iko chini, kwa kazi."

Falone aliinama akapita chini ya kamba. Wamama wakapiga mayowe. Magloire alimkamata kitenge. Falone akamwachia kitenge mkononi, akafika kwenye mti na sketi yake ya ndani, akafunga waya mwekundu, akafunga mweusi. Honi haikungoja. Ililia pale pale, maana maji yalikuwa yameshafika.

Wachimbaji walipanda mmoja mmoja, wakivutana. Bienvenu alikuwa wa mwisho, akikohoa. Hawakuwa wamepumzika vizuri ukuta wa shimo ulipoporomoka, na maji ya kahawia yakajaa mahali walipokuwa wakichimba.

"Mumeona?" Magloire alipaza sauti. "Amevuka kamba, maji imekuja."

Wachimbaji wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameponea chupuchupu, na mtu wa kulaumiwa alikuwa amesimama mbele yao bila kitenge. Falone aliwachukia wote kwa mkupuo. Akamgeukia mdogo wake, akingoja aseme ukweli wa zile nyaya.

"Yaya, umeua shimo yetu," Bienvenu alisema. Sauti ilimkwaruza. "Toka Salamabila. Usiniite tena mutoto wa mama yako."

Falone alikuwa na majibu tele mdomoni, na yote yalikuwa makali. Lakini alikuwa akitazama kifua cha Bienvenu kikipanda na kushuka chini ya matope, na kila neno lilitoka na pumzi.

"Sema tena," akamwambia. "Sema kwa nguvu."

Bienvenu akasema tena, kwa nguvu, na Falone akamsikiliza mpaka mwisho.