Mtu wa Chini ya Roketi

Baba Pacha alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na alipostaafu mikono yake ilikataa kukaa bure. Ikajitafutia kazi ya kuunda roketi za karatasi. Si zile za watoto za kukunja na kurusha dirishani. Hizi zilikuwa mifano ya zile zenyewe zinazokwenda angani na watu ndani. Unakata kipande baada ya kipande, unaviringisha, unagundisha, mpaka inasimama mezani, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Kabati lilijaa. Mkewe, Mama Pacha, fundi cherehani, alikuwa akizipangusa vumbi huku akizisalimia, "Hamjambo wake wenzangu?"

Kisha macho ya mzee yakaanza kuzima. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula pakubwa, na kilicholiwa hakirudi. Sasa dirisha alikuwa akiliona kama doa jeupe, na mkewe kama kivuli chenye maneno mengi.

Asubuhi moja alikaa kitandani, roketi mapajani, akiipapasa.

"Mama Pacha, vitu hivi nimevitengeneza miaka yote, na sijaviogopa hata siku moja."

"Uogope nini, karatasi?"

"Ukubwa wake. Wanasema ukisimama chini ya ile yenyewe, maneno yanakuishia. Mimi nilikuwa nahangaika na gundi, naangalia kingo zimekutana au hazijakutana. Sasa ndiyo natamani nijue ukubwa wake, na macho yenyewe ndiyo hayo yanaaga."

Mama Pacha alitaka kumtania, akaghairi. Alimtazama mumewe akizungusha kile kijiti cha karatasi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Vidole unavyo," akasema mwishowe. "Nitakupanulia. Gauni la mtoto nalifanya likamtosha mama yake, sembuse hili?"

Wakakubaliana kila sentimita iwe sita. Mama Pacha akatandaza karatasi ngumu za manila sakafuni, akapiga magoti na futi kamba shingoni. Aliifumua roketi moja kuukuu kama anavyofumua nguo ya mteja apate patani ya kukatia, akawa anapima na kuchora.

"Na zile ndimi za kupakia gundi, umezipanua mara sita?" mzee akauliza kutoka kitini.

"Nafasi ya mshono hainenepi na mwenye nguo, mume wangu. Ningezipanua zingekuwa masikio ya tembo."

"Haya, fundi."

Lakini bomba la kwanza lilimshinda. Kila akiviringisha, manila ilivunjika mikunjo mikunjo kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Alijaribu mpaka akaitukana. Mzee akanyoosha mkono, akaomba karatasi. Akaipinda kidogo upande huu, akaipinda upande ule, kichwa kimeinama kama anasikiliza.

"Umeikata kinyume. Karatasi nayo ina upande inaopenda kulalia. Igeuze."

Akaigeuza. Ikaviringika yenyewe, taratibu, kama mkeka. Mama Pacha akaweka kiganja juu yake, isije ikafunuka.

Ndani wakatia pete za maboksi ili isibonyee. Halafu ndiyo wakaingia kwenye yale madogo madogo, na hapo mzee akawa bwana. Rangi hazikuwa na faida kwake, kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kishikike. Mistari ya misumari, Mama Pacha aliitoboa kwa nyuma na sindano butu, upande wa mbele vikatokeza vipele vidogo. Mabomba yakawa kamba za mapazia. Mlango wa abiria ukawa manila mbili, moja juu ya nyingine, ukingo wake uonekane na kidole.

"Hapo chini ya mlango, ngazi," mzee alielekeza kwa kumbukumbu.

"Ya uzi?"

"Ya uzi. Na usinidanganye idadi ya vidato, nitavihesabu."

"Nani akudanganye, jeuri wewe."

Siku ya kuiunganisha, kichwa cha roketi kiligonga dari kabla haijasimama wima. Mzee akasema basi ikatwe. Mama Pacha akasema hakati hata ukucha. Akatoka kumwita dereva wa lori wa ghorofa ya juu, wakaibeba mpaka kwenye uwazi wa ngazi za jengo, wakaisimamisha pale, imeegemea ukingo wa ngazi.

"Mama Pacha," dereva akasema, "hii ikiondoka na paa, sisi wa juu mtatuhamishia wapi?"

"Mtakuwa mmeshafika mwezini, kodi hamtaulizwa."

Mzee akaletwa, ameshikwa mkono. Hakugusa bado. "Mtu wa kusimama chini yake yuko wapi?" akauliza.

Mama Pacha alikuwa amejiandaa. Akamwekea kiganjani mwanasesere wa manila, urefu wa shubiri, amevaa ovaroli nzuri. Mzee akampapasa, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Hili jitu umelitoa wapi? Akiingia humo atakaa magoti masikioni."

"Nimemshonea hadi mifuko!"

"Umemkata kwa jicho. Roketi umeipima, mtu umemkisia. Kwenye ile ndogo yupo, pale chini kwenye kitako. Mpime."

Mama Pacha akaenda kuleta kitako cha ile roketi aliyoifumua. Akavaa miwani, akakigeuza dirishani. Kumbe yupo. Punje ya mchele iliyosimama wima. Miaka yote alikuwa akiipangusa akidhani ni tone la gundi. Akapima, akazidisha mara sita, akakata mtu mwingine. Huyu hakufikia hata urefu wa kidole chake cha mwisho.

Akamsimamisha chini ya roketi. Ndipo akafanya jambo ambalo hakulipanga: akalaza shavu sakafuni, macho yake yakawa sawa na kichwa cha yule mtu, akatazama juu.

Hakuinuka haraka. Dereva naye aliinama aone kinachotazamwa, na kofia yake ikahamia mkononi.

"Kuna nini?" mzee akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Mama Pacha akakichukua kidole cha mumewe, akakiweka juu ya kile kichwa kidogo. "Huyu ndiye mtu. Ndiye wewe. Haya, panda."

Mkono ukaondoka. Ukapita mdomo wa moto, mpana kuliko kiganja, ukapanda vipele vya misumari mstari kwa mstari, ukafuata bomba, ukaenda, ukaenda, mpaka mzee akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Bado. Akashika ukingo wa ngazi, akapanda kidato kimoja, kingine, mkono wa pili hautoki kwenye karatasi. Pale alipoukuta mlango wa abiria, mdogo kama ukucha wa dole gumba, alisimama. Akakaa palepale kwenye ngazi.

Mama Pacha akapanda akakaa kando yake.

"Wanatembea kwa miguu yao?" mzee akanong'ona. "Wanaingia hapa kwa miguu yao?"

"Wanaingia."

Alipumua kama mtu aliyetoka kubeba mzigo. "Yule mtu bado yupo kule chini?"

Mkewe akachungulia. "Yupo. Ila kutoka hapa hata mimi simwoni. Lote hili limemfunika."

Mzee akaegemeza paji la uso kwenye roketi, hakusema tena kitu.