Tundu la Pili

Pale kiwandani kila mtu alimwita Msusi, na jina hilo hakulipata saluni. Mkewe alipofariki alimwachia binti wa miaka minne mwenye nywele nzito, naye fundi umeme wa watu, mwenye vidole vilivyozoea nyaya tu, akajifunza kusuka kwa kubahatisha. Alikuwa akikaza mno. Mtoto anakwenda shule nyusi zimepanda juu kama mtu aliyeshtuliwa, lakini akiulizwa kama inauma, anajibu, "Haiumi, baba." Mwongo mkubwa yule.

Sasa mwongo huyo ndiye fundi mkuu wa umeme wa kiwanda cha sabuni, na baba yake yuko chini yake. Mchana ule binti alikuwa amepiga magoti kando ya mashine ya kuchanganyia, umeme umezimwa, mita mkononi, akiiomba namba ishuke. Haikushuka, maana yake njia ya umeme kwenda ardhini haikuwa salama.

Baba ndiye aliyeunga waya mpya wa mota, ule mnene unaopindika, wenye vinyuzi vya chuma vilivyosukwa kuuzunguka mwili mzima. Vinyuzi hivyo si urembo. Waya ukichubuka na umeme ukavuja, ndivyo vinavyoupeleka ardhini, mradi vibanwe ndani ya glandi, ile kofia ya shaba inayoushika waya unapoingia kwenye boksi la mota, na glandi nayo iguse chuma kitupu. Ikikalia rangi, kazi bure. Umeme utatafuta njia nyingine, na kwa sakafu ile isiyokauka, njia nyingine ni mama wa zamu anayeshika mashine kutwa nzima.

Akafungua glandi. Vinyuzi vilikuwa vimefumuliwa, vikachanwa, vikatandazwa kimoja kimoja, kazi safi ya kutamanisha. Akalitazama boksi. Lilikuwa na matundu mawili. Kuzunguka la kwanza, lililozibwa kwa kizibo, rangi ilikuwa imekwaruzwa hadi chuma kikang'aa. Kuzunguka la pili, lenye glandi, rangi ilikuwa nzima.

Baba hakusahau, wala hakuzembea. Hakuona. Binti alihisi moyo unampasuka, maana zilibaki wiki sita tu mzee astaafu kwa heshima zake.

"Baba, betri ya mita imekufa," alisema. "Nenda ukale, nitamalizia."

Msusi akaondoka. Binti akashika msasa, akaanza kukwaruza harakaharaka. Angeandika kwenye fomu ya ukaguzi kwamba kazi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Nani angejua?

"Tangu lini betri ikabadilishwa kwa msasa?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya boksi, tundu la kwanza, kisha la pili, hadi kilipokutana na rangi iliyobaki.

"Nilikwaruza tundu lisilo lenyewe," alisema.

"Kidogo tu, baba. Hata mimi ningeweza..."

"Ulikuwa hivihivi tangu mdogo. Nakukaza mpaka machozi yanakulengalenga, unasema haiumi. Ukaniacha nikukaze miaka mitatu!" Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Leo niambie."

Mlangoni mama wa zamu alikuwa anafunga aproni yake. "Jamani, mnatengeneza au mnasukana?" akauliza. Hakujua kitu, maskini.

Binti alimtazama, kisha akamgeukia baba yake.

"Inauma, baba," alisema, na machozi yakamtoka hadharani. "Macho yako hayafai tena kwa kazi hii. Yule mama angekufa."

Msusi akamsogezea fomu.

"Basi andika hivyo."

"Watakutoa kwenye mashine."

"Andika, mwanangu. Bora waniondoe nikiwa sijaua mtu."

Akaandika. Baba akavuta ndoo, akaifudikiza, akakaa. "Haya, lete waya. Vidole bado vinaona."

Binti akamaliza kukwaruza kuzunguka tundu la pili. Msusi akavitandaza vinyuzi upya, uso ameuelekeza dirishani, taratibu mno, kama anaogopa kumuumiza mtu. Wakakaza glandi pamoja. Mita ikawekwa.

"Ngapi?"

"Sifuri nukta sifuri tano."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi, baba."

Mzee alimfuta machozi kwa kidole kilekile cha gumba, akamwachia alama ya vumbi la rangi shavuni, kisha akageukia mlangoni.

"Mama," aliita, "njoo ushike mashine yako."