Winga Asiye na Bei

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuijua raga ya Nairobi. Tom aliichezea Kenya miaka tisa, winga wa kushoto, akatunzwa bia na makofi ya mgongoni. Jezi alipewa moja kwa msimu. Akibadilishana na mgeni baada ya mechi, alidaiwa bei yake. Benki moja ilimwajiri kwa ajili ya mbio zake, ikampa meza na ruhusa ya kwenda mazoezini kila siku saa tisa. Kazi yenyewe hakujifunza. Goti lilipokufa, benki ikagundua kwamba pale mezani hapakuwa na mtu.

Tangu hapo nyumba ililishwa na Adhiambo, mkewe. Mara mbili kwa mwaka alisafiri hadi Guangzhou, akanunua nguo za watoto kwenye masoko ya Shahe, akazifunga marobota na kuyapeleka soko la Gikomba, Nairobi. Safari hii, Novemba 1998, alimleta Tom kwa sababu moja tu. Liang, laoban wa kiwanda cha nguo za michezo, alitafuta wakala mmoja wa kumuuzia jezi za raga Afrika Mashariki yote, na kwenye kila pakiti alitaka picha ya mchezaji wa taifa. Adhiambo alikuwa amemfuata bosi huyo safari tatu. Akiupata uwakala, angeachana na kuinamia marobota, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kugoma.

"Utakaa, utatabasamu, utatia sahihi," alimwambia mumewe ndani ya teksi kutoka hotelini kwao, mtaa wa Xiaobei. "Hadithi za mwaka wa sabini na nne ziache hotelini."

"Sasa mtu akiniuliza, Mama Apiyo, ninyamaze?"

"Si ulikuwa hodari wa kukimbia? Zikimbie."

Tom alikuwa amevaa koti la timu ya taifa. Kifungo kimoja tu ndicho kilichokubali kufunga. Liang alilipapasa lile koti, akalisifia kitambaa, akamimina chai, kisha akaingia kwenye neno lenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha Hong Kong, kikavu na cha haraka.

"Jina na picha, unataka kiasi gani?"

Adhiambo alifungua mdomo. Tom akamtangulia.

"Jina langu haliuzwi," alisema. "Sisi hatukucheza kwa pesa. Chukua bure."

Akaegemea kiti, kifua mbele, akingoja kushangiliwa.

Liang aliweka kikombe chini. "Mechi moja walikulipa ngapi?"

"Hata senti. Ukipokea pesa unafungiwa maisha. Mwenzetu mmoja alipokea viatu tu, akawa amekwisha."

"Na jezi?"

"Ukiitoa, unailipia mwenyewe."

Liang akamgeukia Adhiambo, kama daktari anavyomgeukia ndugu wa mgonjwa. "Mama, anayelipa ni shabiki. Mchezaji hulipwa."

Adhiambo alielewa mara moja. Pale Shahe muuzaji akikupa fulana bure, unaigeuza nje ndani kutafuta tundu. Sasa Liang alikuwa anamgeuza Tom.

"Mume wangu ana haya," alisema upesi. "Bei yake ni dola mia tano."

Macho ya Liang yalirudiwa na uhai. "Mia mbili."

"Mia nne."

Tom alisimama. "Mama Apiyo, unaniuza?"

"Nakuuza, ndiyo. Na soko lenyewe baya."

"Watanifungia!"

"Nani? Raga inalipa tangu mwaka wa tisini na tano. Hata hao Wazungu waliokufundisha kujivunia njaa wanapokea mshahara. Na wewe wakufungie usicheze nini, Tom? Wakufungie kwenye kochi?"

Tom aliitazama kalamu iliyokuwa juu ya mkataba, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyekinunua," alisema.

Adhiambo nusura amhurumie. Kisha akakumbuka ni nani aliyelipa karo ya Apiyo.

"Meiyou," Liang alisema, akiukunja mkataba. "Hakuna. Bila jina, hakuna uwakala."

"Laoban, hebu ngoja. Nani Nairobi anamjua huyu? Watoto watakaovaa hizo jezi hawakuwa wamezaliwa. Weka picha ya mpira kwenye pakiti. Uwakala nipe mimi. Naanza na jezi mia tatu, na kila mshono nitauvuta kwa mikono yangu kabla hujapakia. Mmoja ukiachia, nakurudishia zote."

Mnunuzi anayetishia kurudisha mzigo ni mnunuzi wa kweli. Liang akaukunjua mkataba, akapitisha mstari juu ya jina la Tom, akaandika la Adhiambo.

Tom aliufuata ule mstari kwa macho hadi ulipoisha.

"Kwa hiyo kwenye pakiti sitakuwepo kabisa?"

"Si ulisema huuzwi? Basi hujauzwa. Shika upande ule wa boksi la sampuli."

Walishuka ngazi wakilibeba, Adhiambo mbele, Tom nyuma akichechemea. Ghorofa ya pili Tom akasimama kupumua.

"Ile mia nne," aliuliza taratibu, "angeitoa?"

"Asingeitoa. Tungekubaliana mia tatu."

"Mia tatu," Tom alirudia, kama mtu anayesomewa matokeo ya mechi aliyoachwa nje ya kikosi. "Dola?"

"Beba boksi, Tom."