Tiketi Yenye Pengo

Kwa miaka tisa ofisi ilikuwa ikimtuma Carol huku na huko. Alikwenda Addis, Roma, Bangkok, Accra, popote palipokuwa na mkutano wa mbegu zinazovumilia ukame. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti. Alifika, akaandika yaliyosemwa na wakubwa, akarudi Nchiru kwenye nyumba yake ya kupanga karibu na chuo kikuu, akiwa hajaona chochote cha miji hiyo isipokuwa hoteli na barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Alichobaki nacho ni maili. Shirika la ndege lilimwekea maili kwa kila safari, na kufikia mwaka jana zilikuwa zimepita laki mbili.

Kiunga, waliyetumia naye ofisi moja, alikuwa akimsumbua kuhusu maili hizo kila alipozikumbuka.

"Hizo vitu zina mwisho wake, Carol. Siku moja utaamka upate zimefutwa zote."

"Nampeleka Mami Amerika," Carol akamwambia siku moja. "Akaone wajukuu."

Mama yake, Eunice, aliishi Kiritiri, na mbuzi wake kumi na mmoja na shamba la ndengu na mtama. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Texas. Gachoki, kifungua mimba, alikuwa muuguzi Houston. Runji, wa pili, aliendesha malori Dallas, na huko ndiko alikooana na Gladys, msichana wa Kangeta, wakapata watoto wawili ambao nyanya yao hakuwahi kuwaona ila kwenye simu. Carol alikuwa kitinda mimba, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani.

Kwa miezi minne alitumia saa ya chakula cha mchana kujifunza namna ya kupata tiketi ya maili. Aligundua kwamba si jambo la kubonyeza mara moja. Viti vya maili ni vichache, leo vipo, kesho havipo, na kuhama siku moja tu mbele au nyuma kunaweza kula maili elfu hamsini. Lakini aligundua pia kwamba kwa maili zile zile za kwenda na kurudi, shirika liliruhusu msafiri aingilie mji mmoja na kutokea mwingine, tena apumzike njiani siku kadhaa bila kuongeza kitu. Basi akapanga hivi: Mami atoke Nairobi hadi Dallas mwezi wa tano. Mwezi wa saba aondokee Houston, apitie Istanbul akae siku tatu, kisha arudi nyumbani. Maili zilizobaki zilimtosha Carol mwenyewe kwenda Istanbul kumpokea, wakae pamoja siku hizo tatu.

"Hapo umecheza," Kiunga akasema akiinamia kompyuta. "Hata wewe utaona kitu, safari hii. Lakini hapa katikati? Dallas kwenda Houston mbona hakuna ndege?"

"Ni saa nne kwa gari. Runji atampeleka kwa Gachoki."

Carol hakumwambia kwamba pengo hilo ndilo alilolitafuta. Tiketi ya kuingilia na kutokea Dallas ilikuwepo, na ingekuwa rahisi kuliko hii. Aliikataa. Alitaka ndugu zake wakutane, kwa sababu walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne, na kosa lilikuwa lake.

Lilianzia kwenye mazishi ya baba yao. Runji wakati huo hakuwa na karatasi za kumruhusu kutoka Amerika na kurudi, kwa hiyo hakuja. Gachoki alikuja, na kabla ya kupanda ndege alimsomea Carol kwa simu majina ya kuingia kwenye kijitabu cha mazishi: watoto, wake zao, wajukuu. Carol ndiye aliyekuwa akipiga chapa. Alikuwa amemuuguza mzee miaka miwili peke yake, akimgeuza kitandani, akimwosha, huku Runji akituma salamu. Alipofika kwa jina la Gladys alisimama. Mahari yake haikuwa imepelekwa hata mara moja. Carol akaliruka jina hilo, na ya watoto wawili pia, akapeleka kijitabu kwa mchapishaji.

Siku ya mazishi wazazi wa Gladys walikuja kutoka Kangeta, gari zima, na shuka na unga. Walikaa chini ya hema wakafungua kijitabu. Walitafuta binti yao ukurasa baada ya ukurasa, kisha wakainuka kabla ya chakula wakaondoka. Lawama zilimwangukia Gachoki kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Yeye alidhani ni kosa la mchapishaji. Lakini ana kiburi Gachoki, na Runji alipompigia akimtukana, alimjibu, "Kijitabu ni changu. Mwenye neno aje kwangu." Carol alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, ameshika sinia la vikombe. Siku hiyo aliona hapakuwa na nafasi ya kusema ukweli, na baadaye kila mwezi uliopita ulizidi kulifanya neno hilo kuwa zito.

Mami alisafiri. Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Alipiga picha na wajukuu, akafundishwa kuwasha jiko la umeme, akacheka simu nzima kuhusu kuku wasio na ladha. Mwezi ukaisha, na ukafika wakati wa kwenda Houston.

"Aje amchukue," Runji akasema.

"Yeye ndiye yuko naye, amlete," Gachoki akasema.

Carol aliwapigia mmoja baada ya mwingine kila jioni, majuma mawili. Alitafuta kwenye ramani kituo cha mafuta kilichokuwa katikati kabisa ya ile barabara, saa mbili kutoka kwa huyu na saa mbili kutoka kwa yule.

"Mkutane hapo tu, Runji. Hata usishuke kwenye gari."

"Wewe Carol, unataka nimwone huyo mtu nimwambie nini? Mke wangu si mtu. Watoto wangu si watu. Si ndivyo aliandika?"

"Ni makosa tu ya kuchapa."

"Makosa ya kuchapa hayachagui nyumba moja."

Hapo angeweza kusema. Badala yake akaanza kuzungumza habari za mvua.

Mwezi wa Gachoki ukaliwa wote Dallas. Ikabaki siku ya kuondoka. Kuibadilisha tiketi ianzie Dallas hakukuwezekana, viti vya maili vya huko vilikuwa vimekwisha hadi mwezi wa kumi. Carol alimsihi Runji ampeleke mama hadi uwanja wa ndege wa Houston siku hiyo, basi, hakuna zaidi. Runji akakubali. Kisha Carol akampigia Gachoki kwa siri: awe pale uwanjani mapema, angalau akae na mama yake saa moja kabla hajaondoka. Mami naye akaambiwa, na akaonywa asimwambie Runji.

"Nimesikia," Mami alisema. "Nimemwekea sweta. Sijui kama itamtosha, amenenepa?"

Carol alipanda ndege yake Nairobi alfajiri ya Alhamisi. Alivaa gauni jipya. Alikuwa amelipia chumba chenye vitanda viwili na dirisha la kutazama bahari, na kwenye daftari lake aliandika wapi watakula na wapi Mami ataketi apumzishe magoti.

Alipotua Istanbul na kuwasha simu, aliyoizima usiku kutunza chaji, zilikuwepo jumbe sita za Gachoki. *Niko hapa tangu saa kumi.* *Bado sijawaona.* *Nimekuja na mke wangu, amepika.* *Runji hashiki simu.* *Ndege imefungwa.* Ya mwisho ilikuwa fupi: *Asante kwa kunipangia.*

Huko kwao bado watu walikuwa wamelala. Carol alikaa kwenye kiti cha chuma karibu na lango la wanaowasili, saa nne nzima, akisubiri kuche Texas. Alipompata mama yake, ilikuwa karibu muda ule ule ambao mama huyo alitakiwa kutokeza kwenye lango hilo na begi lake.

"Tulitoka mapema," Mami alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Tulikuwa tumefika nusu. Akaniuliza sweta ni ya nani. Mimi sijui kudanganya, Carol. Nikamwambia ndugu yako anatungoja pale. Akaenda mpaka mahali pa kugeuza gari, akageuza. Hatukusemezana mpaka nyumbani."

"Na ungemwambia akushushe hata hapo barabarani!"

"Nishuke niende wapi, mama? Na Kiingereza gani?"

Carol alikwenda kwenye dawati la shirika. Msichana wa pale aliandika namba ya tiketi, akatazama skrini, akaeleza kwa upole kwamba msafiri asipotokea kwenye ndege ya kwanza ya kurudi, zinazofuata zote hufutwa zenyewe. Na maili hazirudi. Carol aliyajua hayo. Aliyasoma mara nyingi. Alitaka tu mtu mwingine aseme.

Chumbani alilala juu ya kitanda kimoja akitazama cha pili. Chini watu walikuwa wakinunua mahindi ya kuchoma na kupigana picha mbele ya maji. Ijumaa hakutoka. Ijumaa jioni, Runji akiwa anakula cha mchana huko Dallas, akampigia.

"Runji, nisikize usikate. Gachoki alinipa majina yote. Gladys alikuwepo, na watoto. Mimi ndiye niliwatoa."

Akasikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Nilikuwa na hasira na wewe. Juu ya Baba. Niliachiwa kila kitu peke yangu."

"Miaka minne," Runji akasema polepole. "Umekuwa kwa simu yangu miaka minne. Unaniuliza watoto wangu wako aje. Unatumia Gladys salamu za Krismasi."

"Najua."

"Hujui. Baba yake Gladys alikufa bila kukanyaga kwetu tena. Ulijua hiyo?"

Hakujua. Alianza kuomba msamaha, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Jumamosi hakuna aliyempigia. Jumapili, akiwa tayari uwanjani kurudi Nairobi, picha iliingia kwenye kundi la familia. Ilikuwa nyuma ya nyumba, huko Houston. Runji alikuwa anageuza nyama kwenye moto. Gachoki alikuwa amemshika mtoto mdogo wa Runji begani, amevaa sweta mwezi wa saba, jua likiwaka, na sweta ilikuwa imembana. Mami na Gladys walikuwa wamekaa kiti kimoja kirefu. Wote walicheka. Chini ya picha Gachoki alikuwa ameandika, *Mungu ni mwema.* Carol akatuma moyo mmoja. Mtu mmoja mmoja wakauona. Muda mfupi baadaye lile kundi likanyamaza, na halikusema tena. Wiki mbili baadaye, binamu yake akamwuliza, bila kujua kwamba ameachwa nje, kama ameona picha nyingine kwenye kundi jipya.

Mami alikaa hadi mwezi wa kumi, mwezi huku, mwezi kule. Ndugu hao wawili walishirikiana kumnunulia tiketi ya kurudi, isiyosimama popote pa kupumzika. Carol aliambiwa siku na saa na Mami mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye gari la kumtoa Nairobi.

Mami alikuwa amenenepa, na viatu vyeupe kama vya vijana. Alisalimia vizuri, akauliza habari za kazi, akauliza kama mvua imeshika. Njiani walisimama Embu wakanywa chai. Carol alikuwa amejiandaa kuomba msamaha tangu Istanbul, na maneno yalipotoka yalitoka kwa mkato.

"Mami, nisamehe."

Mama yake alikoroga chai.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Miaka yote hiyo tunapika pamoja Krismasi. Nilikuwa namlaani Gachoki moyoni, mtoto wangu, kila nikiomba. Sasa hiyo laana niitoe wapi?"

Carol aliita mhudumu. Alilipa chai.

Walipokaribia Kiritiri, Mami alisema kwamba wavulana wanakuja Desemba. Wote wawili, na wake zao. Watapeleka mahari Kangeta na kuomba radhi kwa mama yake Gladys. Muriithi, kaka yake Mami, ataongoza.

"Nitachukua likizo," Carol akasema haraka. "Nitawasaidia kupanga. Magari, chakula, kila kitu."

"Hapana," Mami akasema. Alitazama nje, kwenye mbuzi waliokuwa wakivuka barabara. "Wamesema wewe usije. Ile familia ya Kangeta wameambiwa ni nani. Ukionekana huko, tutafukuzwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimezeeka, Carol. Nataka kuwaona wanangu wakila sahani moja."

Carol alimshushia mizigo hadi mlangoni. Kulikuwa na mabegi matatu, mazito, na Mami aliyafungua palepale kwenye baraza akiwagawia majirani waliokuja kumlaki: sabuni, soksi, peremende, kila mtu na chake. Carol alisimama kando akisubiri hadi mabegi yakaisha. Kisha akasema anarudi Nchiru, ana kazi kesho.

Mama yake alimsindikiza hadi kwenye gari. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumleta, akamwambia aendeshe pole pole, kwa adabu ile ile aliyomshukuru nayo jirani aliyembebea begi.