Kura ya Kulwa na Doto

Kura iliyowatenganisha Kulwa na Doto ilipigwa ndani ya kofia ya mwalimu wa michezo, mbele ya kidato cha pili chote, na Mwalimu Marciana alifurahi kupita kiasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtafiti, na mtafiti akipata mapacha wanaofanana mpaka kikohozi, halafu kura ikampa mmoja simu na mwingine karatasi, mlitaka afanye nini, alie?

Utafiti wenyewe ni rahisi kuueleza. Marciana alifundisha Kifaransa pale Kimamba, na huku akisomea shahada ya uzamili. Alitaka kujua kama kadi za kwenye simu zinamsaidia mwanafunzi kushika maneno ya lugha ya kigeni kuliko orodha ya karatasi. Kwenye simu unaona picha ya ng'ombe, unajiuliza, unagusa, neno linatokea na sauti inalitamka. Ukikosea, kadi ile ile inakurudia kesho na keshokutwa, haina hata huruma. Kundi la karatasi lilipewa maneno hayo hayo yamepigwa chapa, basi. Sharti lilikuwa moja na alilitamka kwa ukali: wa karatasi asiiguse wala asiitazame simu ya mwenzake.

Siku hiyo hiyo alimpigia msimamizi wake wa chuo, Dkt. Lupakisyo.

"Mapacha, daktari! Nyumba moja, chakula kimoja, akili moja. Tofauti yao ni simu tu."

"Basi tasnifu unayo," akasema Dkt. Lupakisyo. "Sura ya nne ijenge juu ya hao wawili. Wengine watakuwa pambo."

Tangu hapo Marciana akawa anatembea kama mtu aliyekwisha kuvaa joho.

Mtihani ulipofanyika, kila kundi lilikaa chumba chake. Kundi la simu lilifanya vizuri kuliko la karatasi, si kwa mbali sana, lakini vizuri. Kisha akafika kwa mapacha. Doto, wa karatasi, alikuwa ameandika bila kosa mpaka katikati, akaishia kwenye picha ya mwavuli. Kuanzia hapo patupu. Kulwa, wa simu, naye alikuwa ameandika bila kosa mpaka katikati. Kwenye mwavuli, patupu.

Marciana aliketi na karatasi hizo mbili mapajani, akizilinganisha. Kuibiana haiwezekani, walikuwa vyumba mbalimbali. Labda simu ilikuwa mbovu. Jumamosi akapanda bodaboda, akaenda nyumbani kwao kuuliza.

Nyumba ya baba yao, Mzee Mhoja, ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya zamani ya mkonge. Walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na mama wa mapacha alikuwa bado anazungumza Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa."

Akamletea mgeni maziwa ya mgando. Kisha akawamiminia binti zake, vikombe viwili, akainama kuvitazama, akamimina kidogo kutoka kimoja kwenda kingine mpaka vikalingana. Marciana aliona, ila akili yake ilikuwa kwenye sura ya nne.

"Kulwa, simu ilikusumbua?"

"Hapana, madam."

"Mwavuli kwa Kifaransa?"

"Parapluie," alisema Kulwa papo hapo. Marciana akamuuliza daraja, akamuuliza kisu, akamuuliza wingu. Yote yalitoka, na lafudhi juu.

"Sasa mbona hukuandika?"

Kulwa akatazama miguu yake. Doto ndiye aliyejibu.

"Karatasi yangu ililiwa na ndama, madam. Nusu ya chini. Kuanzia mwavuli."

"Na hukuja kuomba nyingine?"

"Niliogopa. Ulisema tuzitunze."

Marciana akamgeukia Kulwa. "Wewe ukamwonyesha simu?"

"Hapana! Ulikataza, madam. Nilikuwa nasomea kule nyuma ya zizi, yeye anabaki huku. Kila siku." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini hukukataza kuacha bila kuandika."

Mama yao, ambaye Marciana alidhani hafuatilii, akaweka chini kibuyu.

"Mwalimu, hawa sijawahi kumpa mmoja nikamnyima mwenzake. Tangu wazaliwe. Hata nikimgombeza huyu, na yule namgombeza, hata kama alikuwa amelala. Kwetu, pacha ukimpa mmoja, umewaumiza wote. Simu ilipokuja ya mmoja, nilinyamaza kwa sababu ni shule. Ila huyu mwenye simu ndiye aliyekuwa akiacha chakula."

Marciana alilisikia hilo, na lilimgusa. Lakini tuseme ukweli, ndani ya mkoba wake kulikuwa na karatasi mpya ya mtihani, na mkono ulikuwa umeshaanza kuitoa. Kulwa akijaza yote anayoyajua, sura ya nne itasimama, na joho atalivaa.

"Kulwa, andika upya," alisema kwa upole. "Andika yote. Hakuna atakayekukasirikia."

Kulwa akaipokea kalamu, akamtazama pacha wake. Doto akatabasamu kwa midomo tu.

"Aandike tu, madam. Kwangu hakuna shida."

Marciana alilijua tabasamu hilo. Aliwahi kuliona kwenye nyumba za kambi ya mkonge, humo humo Kimamba, mwaka ambao yeye na dada yake Salome walifaulu pamoja kwenda sekondari, na baba yao akasema anaweza kumsomesha mmoja tu. Salome ndiye mkubwa, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Marciana hesabu. "Aende tu Marciana," alisema. "Kwangu hakuna shida." Na Marciana akaenda, na tranka jipya, akicheka njia nzima. Miaka yote hiyo aliamini kwamba hapakuwa na shida, kwa kuwa mwenyewe alisema.

Akainuka kwenye kigoda. Akaichukua karatasi mkononi mwa Kulwa kabla kalamu haijaigusa.

"Acha, mwanangu."

Akampigia Dkt. Lupakisyo akiwa bado uwanjani pao, asije akabadili nia njiani. Akamweleza kila kitu, na kwamba mapacha anawatoa kwenye utafiti.

"Bila hao, tasnifu yako itakuwa ya kawaida tu," daktari alimwambia, bila ubaya. "Kadi zinasaidia kiasi. Watu watasema sawa, basi."

"Iwe ya kawaida, daktari."

Kisha akawaambia wasichana kwamba sharti limekwisha, simu ibaki nao mpaka mwisho wa muhula, waisome wote wawili. Hawakwenda nyuma ya zizi. Walikaa pale pale miguuni kwa mama yao, vichwa vimegusana, na sauti ya simu ikasema parapluie, na Doto akasema parapluie.

Jumapili Marciana alikwenda Mikumi. Salome alikuwa na banda la chai na chapati kandokando ya barabara kuu, mahali magari ya watalii yanaposimama kupumua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda! Hicho Kifaransa hakikulishi?"

Njia nzima Marciana alikuwa amepanga maneno. Yote yalimkimbia.

"Dada, siku ile uliposema kwangu hakuna shida," akaanza, akashindwa kuendelea.

Salome alikuwa anasukuma donge. Mikono ikapunguza mwendo.

"Ilikuwepo," alisema. "Nililia mpaka mama akaogopa. Ila si kwa ajili yako, usijisumbue. Niliitaka ile shule, basi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekwenda?"

Marciana akaifuta meza kwa kiganja, akatoa simu yake, akafungua kadi. Salome akacheka, akapangusa unga mikononi, akasogea. Ng'ombe, maziwa, mkate. Marciana anatamka, Salome anafuatisha, na alikuwa anashika upesi, upesi kuliko wengi wa kidato cha pili, na kila alipopatia alimpiga mdogo wake begani. Kisha ikatokea picha ya mwavuli.

"Na huu?" aliuliza Salome.

Marciana aliutazama mwavuli, neno analolifundisha kila mwaka.

"Sijui, dada."

"Muongo wewe! Mwalimu mzima?"

"Sijui. Tuguse tuone."

Salome akamtazama usoni, na kicheko kikamwisha taratibu. Akavuta benchi, akakaa bega kwa bega naye, akauweka mkono wake wenye unga juu ya mkono wa mdogo wake, wakagusa kadi. Kwenye kikaango chapati ilianza kuungua, na hakuna aliyeinuka.