Nyumba ya Biskuti kwa Papa Kalenga

Papa Kalenga alikuwa amekwisha kataa mchoro wa nyumba. Karatasi, alisema, hata mbuzi anaila. Anayetaka kumchukua binti yake Rachelle alete nyumba, baba aione kwa macho. Kiwanja cha kaka yangu Kyungu kilikuwa bado majani matupu, basi tukaijenga juu ya sinia: kuta za biskuti zilizogandishwa kwa sukari ya kuyeyusha, paa la ndagala, samaki wadogo wakavu wa ziwani, waliopangwa kama mabati. Tukaibeba kwa miguu hadi kwao, mimi nafukuza nzi, yeye anatoka jasho kuliko ile sukari.

Papa Kalenga alikuwa mwashi, na aliikagua kama mtu atakayehamia kesho. Akainama, akafunga jicho moja, akagonga ukuta kwa ukucha. Vyumba vikamridhisha, baraza pia. Nikaanza kupumua.

Ndipo Mama Emerance, mke wake, akasema kutoka nyuma ya pazia. Kwao Ankoro mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, kwa hiyo alikuwa amejificha chumba cha pili tangu tufike.

"Papa Kalenga, muulize huyo kijana. Siku nakuja kuangalia mutoto wangu, mimi nitapitia wapi?"

Tukaitazama nyumba. Mlango mmoja tu, mbele, unaingia sebuleni moja kwa moja. Sisi tumekulia hapa Kalemie, kwenye nyumba za reli, ambako mama mkwe huingia, hukaa na kuuliza chai iko wapi. Hatukuwaza kabisa.

Papa Kalenga akasukuma sinia kando. Muntu anayesahau njia ya mama mkwe, alisema, kesho atasahau na bibi yake.

Kyungu akaomba kisu. Nikamkanyaga mguu, maana ukuta wa nyuma ndio uliobeba paa, na joto lilikuwa limeanza kulainisha sukari. Akakata mlango hivyo hivyo, polepole. Ufa ukapanda hadi juu, ndagala wakaanza kuteleza, akaingiza kiganja upesi na kulishika paa.

"Mama, mlango uko."

"Nataka kuuona mwenyewe."

Tukakwama. Ili mama aingie, Kyungu lazima atoke. Akitoka, paa linaanguka. Nikajitolea kulishika, Papa Kalenga akanirudisha kitini: nyumba inayoshikwa na dada wa bwana siyo nyumba.

Pazia likasogea. Rachelle, ambaye hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, akaja kichwa chini, akapiga magoti na kuingiza mikono yake chini ya ule wa Kyungu. Baba yake hakumrudisha.

Tukatoka nje, Kyungu na mimi. Ndani, hatua za mama. Kisha tukasikia biskuti ikivunjika, na kaka yangu akanibana mkono hadi ukaniuma.

Papa Kalenga akatokea mlangoni, anatafuna.

"Mama anasema ule mlango wa nyuma ni mwembamba," akasema. "Uupanue. Ni yeye atapita pale, siyo wewe."