Majina ya Novemba

Erasmus hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa katekista wa kigango kimoja cha Kikatoliki nje kidogo ya Usevya, analima mpunga wake bondeni kama jirani zake, na kitu alichokiogopa kuliko nyoka ni mtu mwenye mhuri. Kwa hiyo Abednego, mtendaji wa kijiji, alipomfuata kanisani na kufunga mlango nyuma yake, alianza kuomba radhi hata kabla hajaambiwa shida.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Bonde la mpunga lilikuwa limepata mwekezaji, na wanakijiji walikuwa wamemkataa mkutanoni, mchana kweupe, mikono juu. Sasa Abednego alitaka kuandika muhtasari mwingine wa kusema wamekubali. Alichokosa ni majina tu.

"Nipe majina ya waumini wako, katekista. Si mnafundishana humu kutii mamlaka?"

"Tunafundishana, mheshimiwa, lakini..."

"Lakini nini? Au nikuandike wewe mchochezi?"

Erasmus alifungua kabati la madaftari ya kigango, akageukia ukutani kwa aibu. Abednego akachagua mwenyewe daftari lililoandikwa "Novemba" juu, akaona ndilo la karibuni, akapiga picha kurasa zote kwa simu. Alikuwa mgeni pale kijijini, tena si Mkatoliki, angejuaje? Erasmus hakugeuka mpaka aliposikia pikipiki ikiondoka. Kwa wiki mbili, akimwona Bibi Getrude, mjane waliyepakana naye shamba, alibadilisha njia.

Januari mkutano ukaitishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Afisa ardhi kutoka halmashauri, dada mmoja aitwaye Odeta, alifika na muhtasari uliogongwa mihuri. Akasema kwa upole kwamba watu mia mbili na kumi na wawili walihudhuria wakakubali, na alama za vidole gumba vyao ndizo hizo. Alama zenyewe zilifanana zote, utadhani za mtu mmoja, na sitashangaa zikiwa za mtu mmoja kweli.

"Tusomee, mwanangu," alisema Bibi Getrude. "Tuwajue waliotuuza."

Erasmus alifumba macho. Sasa anaumbuka.

"Tereza Silvester," alisoma Odeta.

Akayafumbua. Tereza Silvester alikuwa mama yake mzazi, na alimzika mwenyewe miaka minne iliyopita.

Nyuma kabisa sauti moja ikaitikia, kwa mazoea tu: "Apumzike kwa amani."

"Fabiani Arcade."

"Apumzike kwa amani," wakaitikia watu kama kumi.

Hapo Erasmus akaelewa. Kila Novemba familia huandika marehemu wao katika daftari lile, majina yakasomwa misani moja moja, na kanisa zima likaitikia. Abednego alikuwa amewakusanya wafu wote wa kigango akawapigisha kura.

Odeta hakujua, akaendelea. Kofia zikavuliwa. Akina mama wakapiga magoti vumbini. Mzee Hamis wa dukani, Mwislamu, naye akainamisha kichwa. Kufikia jina la ishirini uwanja mzima uliitikia kwa sauti moja nzito, na Erasmus aliona kabisa kwamba waliotajwa wamekuja, wamesimama katikati ya walio hai, bega kwa bega, kulitetea bonde walilolifyeka wao. Aliogopa, ndiyo, lakini si ule woga wa mhuri. Huu ulimnyoosha mgongo.

Odeta akashusha karatasi. "Hawa watu wako wapi?"

"Wako nyuma ya kanisa, mwanangu," alisema Bibi Getrude. "Twende nikuonyeshe misalaba yao."

"Katekista ndiye aliyenipa!" Abednego alifoka.

Watu wakamgeukia Erasmus, na kicheko kikalipuka. Kumbe kamtega! Kamweza! Jirani mmoja akamkamata mkono kumpongeza. Ilikuwa rahisi mno: anyamaze tu, awe shujaa mpaka atakapokufa. Lakini angenyamazaje mbele ya mama yake?

"Sikumtega," alisema, akasimama. "Nilidhani nampa majina yenu nyie mlio hai. Niliogopa, nikawauza. Daftari alikosea yeye."

Kicheko kikakatika. Jirani akauachia ule mkono. Odeta, bila kumtazama Abednego, alichomoa karatasi nyeupe akaiweka mezani, akasema anayemkataa mwekezaji aje aandike jina lake mwenyewe, kwa mkono wake. Watu wakajipanga. Erasmus akaenda mkiani, mahali alipoona panamstahili.

Bibi Getrude aliuacha mstari, akamfuata, akamshika kiwiko na kumvuta mpaka mbele ya wote.

"Wewe anza," alisema, akimpa kalamu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hasira haijamwisha. "Tena andika jina lako kwa herufi kubwa, lisomeke mpaka Mpanda mjini."

Erasmus akainama, akaandika.